UZI MAALUMU: Kufanyia kazi nyumbani ukiwa benki, bima au kampuni ya malipo, na yale ambayo sera haikuelezi

#1 HesabuZilingane

Wakuu salaam. Mijadala mingi ya kufanyia kazi nyumbani huishia kwenye kiti kizuri na kunywa maji ya kutosha. Kwa aliye sekta ya fedha hayo ni madogo. Ofisini udhibiti ulibebwa na jengo zima: mlinzi mlangoni, kamera, laini mbili za intaneti, jenereta, na mwenzako wa meza ya pili anayeidhinisha ulichoandaa. Sasa vyote hivyo vinabebwa na chumba kimoja na laptopu moja. Baadhi vilihamishwa vizuri, vingine viliachwa njiani. Uzi huu ni wa hivyo vilivyoachwa njiani. Mwenye utaalamu wa eneo lake aongeze.

Naanza na laini, maana ndiyo inayosingiziwa kila kitu.

Watu hukimbilia kununua kifurushi cha kasi zaidi. Simu moja ya sauti inayotumia kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inakula karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Ukiipitisha ndani ya VPN (njia iliyosimbwa inayokuunganisha na mtandao wa ofisi) inazidi 100 kidogo. Hizo ni kidogo mno. Mteja akisikia sauti yako inakatika, shida huwa ni ucheleweshaji, kuyumba kwa ucheleweshaji huo kati ya pakiti (kipande kidogo cha data) na pakiti, na pakiti zinazopotea. Pendekezo la G.114 la ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kuyumba kukibaki chini ya milisekunde 30 na upotevu wa pakiti usipofika asilimia 1, simu zitakuwa safi. Pima saa za kazi, nyumba nzima ikiwa inatumia laini. Kipimo cha saa nane usiku hakikusaidii chochote.

Kebo kwanza. Cat5e inatosha kabisa, inabeba gigabiti moja hadi mita 100. Ikishindikana, tumia Wi-Fi ya 5 GHz na ukae chumba kimoja na ruta au kinachofuata. Ile ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, lakini humo ndimo wanamorundikana majirani wote, vifaa vya Bluetooth na maikrowevu. Ukilazimika kuitumia, weka chaneli 1, 6 au 11. Za katikati zinaingiliana na pande zote mbili, hivyo unapokea kelele za kila mtu.

Pili, upakiaji kujaa. Mtu mmoja nyumbani akipandisha video, foleni ndani ya ruta inarefuka na sauti yako inapanga mstari nyuma ya video yake. Kama ruta ina SQM (mpangilio unaozuia foleni hiyo kurefuka), iwashe na uweke kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyopima, siyo ile ya kwenye tangazo. Utapoteza kasi kidogo, simu zitatulia.

Umeme. UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme unapokatika) ndogo ya VA 650 kwa kawaida ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh (wati-saa) 84 kwa karatasi. Ondoa kinachopotea wakati wa kugeuza umeme, na kumbuka betri ya risasi ikinyonywa haraka haitoi vyote ilivyonavyo. Hesabu Wh 45 hivi. Ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja vinakula kama wati 20, kwa hiyo una saa mbili na robo. Ukichomeka na laptopu ya wati 45 umebakiwa na dakika 40. Laptopu ina betri yake, iache huko. UPS iwe ya ruta na kisanduku cha faiba, VYOTE VIWILI, maana wengi hukumbuka ruta wakasahau kile cha ukutani halafu wanashangaa taa za Wi-Fi zinawaka na intaneti hakuna.

#2 Kebo_ya_Bluu

Mkuu umeeleza vizuri. Naongezea upande wa VPN, ambako ndiko tiketi nyingi za msaada zinakotoka. Nitataja dalili kwanza, sababu baadaye.

*VPN imeunganika, barua pepe fupi zinapita, lakini mfumo mkuu au kiambatisho kikubwa kinaganda.* Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500. VPN inaongeza vichwa vyake juu, pakiti iliyojaa haitoshei tena, na kifaa fulani njiani kinaitupa kimyakimya. Pima hivi kwenye Windows: zima VPN, andika `ping -f -l 1472` na anwani yoyote ya nje inayojibu. 1472 ukijumlisha 28 za vichwa unapata 1500. Ikikataa, shuka kumi kumi hadi ipite. Kisha washa VPN urudie kwa seva ya ndani. Namba kubwa iliyopita, jumlisha 28, iandike kwenye tiketi. WireGuard, kwa mfano, ambayo ni aina mojawapo ya VPN, kwa kawaida huanzia 1420. Kama kipimo chako ni 1380, watu wa TEHAMA wataelewa mara moja. Usihangaike kuibadilisha mwenyewe: laptopu ya kampuni haikupi ruhusa hiyo, na haitakiwi ikupe.

*Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa seva moja au folda moja.* Angalia anwani ya mtandao wa nyumbani. Ruta nyingi huja na 192.168.1.x, na ofisi zingine nazo zimetumia hiyohiyo. Laptopu inadhani seva ya hesabu iko sebuleni kwako, inaitafuta huko, inaikosa. Ingia kwenye ruta, badilisha iwe 192.168.77.x au namba nyingine isiyo ya kawaida. Kazi ya dakika tano.

*Sauti ilikuwa nzuri asubuhi, VPN ikakatika na kurudi, sasa ni mbovu.* VPN nyingi huanza kwa UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho. UDP ikizuiwa zinarudi kwenye TCP bila kukuambia. TCP hutuma upya kila kilichopotea, na sauti iliyochelewa haina faida, inaziba njia tu. Fungua dirisha la takwimu la programu ya VPN: ukiona DTLS uko kwenye UDP, ukiona TLS peke yake uko kwenye TCP. Kata, subiri dakika moja, unganisha tena.

*Akaunti imefungwa ghafla baada ya kuhamia data ya simu.* Anwani ya mtandao wa simu mara nyingi husomeka kama iko mji mwingine. Mfumo wa ulinzi unaona mtu mmoja yuko miji miwili ndani ya dakika tano na unafunga. Ukiwa na VPN yako binafsi juu yake, unasomeka uko nchi nyingine kabisa. Ondoa VPN binafsi, na laini ya akiba ijaribu mapema kwa makubaliano na TEHAMA ili isionekane mara ya kwanza siku ya dharura.

#3 ZamuYaJioni

@Kebo_ya_Bluu naomba msaada hapo hapo. Mfanyakazi akibadilisha nywila kupitia ukurasa wa wavuti akiwa nyumbani, laptopu inakataa mpya na kukubali ya zamani. Halafu baada ya muda akaunti nzima inafungwa. Sababu nini?

#4 Kebo_ya_Bluu

Ni mambo mawili yanayokutana.

Windows ikiwa mbali na seva ya ofisi inakuruhusu kuingia kwa nywila iliyotunzwa ndani ya laptopu, na hiyo ni ya zamani. Haijui kwamba umebadilisha. Ingia kwa ya zamani, unganisha VPN kwa mpya, bonyeza Ctrl+Alt+Del ufunge skrini, kisha fungua kwa mpya. Hapo itawasiliana na seva na kujisahihisha. Wanaozima na kuwasha kompyuta kabla ya kuunganisha VPN wanarudi mwanzo.

Akaunti kufungwa ni kazi ya simu yako. Barua pepe ya kazi kwenye simu bado ina nywila ya zamani na inagonga mlango kila dakika chache. Majaribio yakifika kikomo, akaunti inafungwa. Kwa hiyo siku ya kubadilisha: weka simu kwenye hali ya ndege, badilisha, malizia laptopu, kisha sahihisha nywila kwenye simu ndipo uirudishe hewani.

Nyongeza: misimbo ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30 inategemea saa. Simu ikipitwa na dakika mbili, kila msimbo utakataliwa ingawa unaonekana sawa. Weka saa ijipange yenyewe. Na ufunguo wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows), ule wa tarakimu 48, hakikisha unajua pa kuupata kabla hujauhitaji. Sasisho la BIOS (programu ya msingi inayowasha kompyuta) linaweza kuufanya uombwe asubuhi moja bila onyo, na kwa wakati huo VPN haipatikani.

#5 DawatiLaMalipo

Mmezungumza nyaya. Fedha zinapotea kwingine.

Kanuni ya mwandaaji na mwidhinishaji ilibuniwa kwa watu wanaoonana. Nyumbani, mwidhinishaji anapata ujumbe kwamba malipo 14 yanasubiri na dakika 20 zimebaki kabla ya muda wa mwisho. Wengi wanaidhinisha kwa mkupuo. Mfumo utaandika kuwa macho manne yameangalia, kumbe ni mawili, na pengine nayo yamechoka. Kinachosaidia ni muda wa mwisho wa ndani uliotangulia ule wa mfumo wa malipo kwa saa nzima. Chochote kilichoingia baada ya hapo kiende kesho au kipelekwe kwa meneja kwa maandishi. Bila pengo hilo, mengine yote ni mapambo.

Mwidhinishaji afungue hati ya msingi yeye mwenyewe, kwenye skrini kamili, siyo kwenye simu. Alinganishe jina, tarakimu zote za akaunti, kiasi na sarafu. Picha ya skrini aliyotumiwa na mwandaaji haihesabiki kuwa hati.

Pili: kaimu. Mtu akienda likizo bila kaimu aliyewekwa kwenye mfumo akiwa na kikomo chake, siku ya tatu utasikia "nitumie tu msimbo ulioingia kwenye simu yako". Hapo umeshavunja udhibiti na hakuna kumbukumbu itakayokutetea. Kaimu awekwe angalau siku mbili kabla na afanye idhinisho moja dogo la kujaribu. Na waidhinishaji wawili wa zamu moja wasiwe kwa mtoa huduma mmoja wa intaneti. Faiba ya mtaa ikikatwa, wote wawili wanatoweka.

Tatu, na hili ndilo linaloleta hasara za kizembe: kulipa mara mbili. Umebonyeza kutuma, VPN imekatika, skrini imeganda. Hujui kama agizo limefika. Ukirudi na kutuma tena kwa namba mpya ya kumbukumbu, mfumo hauna namna ya kujua ni lilelile. Utaratibu uwe hivi:

1. Usiguse kitufe cha kutuma tena, wala kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari.
2. Unganisha upya, ingia, tafuta kwa namba ya kumbukumbu uliyoandika KABLA ya kutuma. (Kama hukuiandika, tafuta kwa kiasi na akaunti ya mpokeaji.)
3. Kagua foleni zote: zinazosubiri idhini, zilizotumwa, zilizokataliwa na zilizo kwenye rasimu. Agizo hupenda kujificha kwenye rasimu.
4. Likikosekana kote, mwambie mwidhinishaji kabla ya kuanza upya, na utumie namba ileile ya kumbukumbu kama mfumo unaruhusu. Mfumo mzuri utaikataa nakala.

Kuhusu mabadiliko ya akaunti ya muuzaji au mteja: thibitisha kwa kupiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye faili lako tangu zamani. Namba iliyo chini ya barua pepe inayoomba mabadiliko ni ya mwandishi wa barua hiyo, na huyo ndiye unayemtilia shaka. Ukipiga, usimsomee akaunti mpya ukamwuliza kama ni sahihi. Mwache aitaje yeye.

#6 MkaguziWaNdani

Naunga mkono #5, ila kuna kipengele kimebadilika. Zamani tulisema kama una shaka na barua pepe, omba mkutano wa video. Hiyo haitoshi tena. Mwaka 2024 kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kuwa ndiyo iliyopoteza takriban dola milioni 200 za Hong Kong, karibu dola milioni 25 za Marekani, baada ya mfanyakazi kushiriki mkutano wa video ambao sura na sauti za wakubwa wake zilikuwa za kutengenezwa. Mwanzoni alishuku barua pepe. Mkutano ndio uliomtoa shaka.

Kwa hiyo uthibitisho ni kukata mawasiliano uliyopigiwa na kuanzisha yako, kwa njia iliyosajiliwa. Video, sauti, salamu za kawaida, hata mtu kujua jina la mradi wa siri, si uthibitisho. Meneja anayekasirika kwa sababu umempigia tena kuhakikisha anapaswa kuelimishwa na mkubwa wake.

Jambo jingine ni mazungumzo ya kazi kwenye WhatsApp. Ofisini ungemgeukia mwenzako mkasemezana. Nyumbani watu wanaandika. Kwa makampuni ya dhamana na uwekezaji, sheria nyingi zinataka mawasiliano ya biashara yatunzwe. Septemba 2022 SEC, tume inayosimamia masoko ya dhamana Marekani, ilitangaza faini za zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa makampuni 16 ya Wall Street kwa kutotunza ujumbe wa wafanyakazi kwenye simu zao binafsi, na wasimamizi wenyewe walikuwemo kwenye mazungumzo hayo. Mteja akikuandikia kwenye namba binafsi, jibu ni sentensi moja ya kumhamishia kwenye njia rasmi, kisha unapeleka nakala ya alichoandika kwa kitengo cha uzingatiaji (kinachohakikisha sheria zinafuatwa). Usifute. Kufuta ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Maombi ya idhini ya kuingia yanayomiminika kwenye simu usiku: kataa, badilisha nywila, ripoti. Ikifika ombi la kumi, watu hubonyeza kukubali ili walale. Ndiyo maana Microsoft kuanzia Mei 2023 ililazimisha kuandika namba inayoonekana kwenye skrini badala ya kubonyeza tu. Kampuni yenu ikiwa bado inatumia kitufe cha ndiyo na hapana, dai hilo libadilishwe. Funguo halisi za FIDO2 (vifaa vidogo vinavyothibitisha kuwa ni wewe) ni bora zaidi. Sajili mbili, moja ikae mahali pengine.

#7 HedsetiNaKadi

Upande wa huduma kwa wateja, shida kubwa ni data za kadi.

PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi, kinakataza kabisa kutunza ile namba ya uhakiki ya nyuma ya kadi baada ya muamala kuidhinishwa, hata ukiifunga kwa usimbaji. Sasa simu zinarekodiwa. Mteja akiitaja kwa sauti, rekodi imeshaibeba. Njia dhaifu ni mhudumu kusimamisha rekodi kwa mkono: atasahau kusimamisha, au atasahau kuiwasha tena, na mkaguzi atakuta simu za dakika tisa zenye sauti ya dakika mbili. Njia bora ni mteja kubonyeza tarakimu kwenye simu yake na mfumo kuficha milio yake, ili mhudumu aone nyota tu. Ikiwa kampuni inawataka wahudumu wa nyumbani waandike namba za kadi kwa kusikia, jueni kwamba sebule nzima imeingia kwenye eneo la ukaguzi.

Toleo la 4 la kiwango hicho limeongeza masharti yaliyoanza kudaiwa 31 Machi 2025, mojawapo ni kuzuia kwa njia ya kiufundi kunakili namba kamili ya kadi ukiwa umeingia kwa mbali. Ndiyo maana kunakili na kubandika kumefungwa ghafla kwenye mfumo wenu. Si hitilafu, msifungue tiketi. Na skrini kujifunga baada ya dakika 15 za ukimya ni sharti la humohumo.

Chumba: mlango unaofungwa, skrini isitazame dirisha wala mlango, na spika janja zinazosikiliza amri zitolewe nje kabisa. Karatasi hakuna, tumia ubao mdogo wa kufutika na uufute kila simu inapoisha. Printa ikiruhusiwa kwa sababu maalumu, mashine ya kukatia karatasi iwe ya daraja la P-4 la DIN 66399 (kiwango cha mashine hizo), vipande visizidi milimita za mraba 160. Zile zinazokata mistari mirefu tu hazifiki daraja hilo.

Hedseti iwe ya waya wa USB, maikrofoni ya kuchuja kelele iwe umbali wa vidole viwili kutoka pembeni mwa mdomo, siyo mbele ambapo pumzi inapiga. Bluetooth inashindania masafa ya 2.4 GHz na Wi-Fi yako. Hata kipokezi cha hedseti isiyo na waya kikichomekwa kando ya diski ya USB 3 kinaweza kukatika, kwa sababu bandari hizo hutoa kelele kwenye masafa hayo. Kiungo cha kurefusha cha nusu mita kinamaliza tatizo.

Halafu jambo ambalo wasimamizi hawaliandiki. Simu ya mteja aliyetapeliwa akiba yake, au ya kudai mkopo kwa mtu aliyefiwa, ofisini inafuatiwa na jicho la mwenzako wa pembeni na dakika mbili za kushusha pumzi. Nyumbani mfumo unakuletea inayofuata baada ya sekunde 10. Wekeni hali maalumu kwenye mfumo wa simu, iitwe "baada ya simu nzito", ya dakika 5, isiyohesabiwa kama kutokuwepo. Ikichanganywa na mapumziko ya kawaida hakuna atakayeitumia, maana itamshushia alama.

#8 ZamuYaJioni

Hilo la mwisho liwekwe kwenye mkataba kabisa. Na vipi kuhusu programu zinazohesabu kibodi na kipanya? Kuna wanaotumia vifaa vya kukisogeza kipanya chenyewe.

#9 MkaguziWaNdani

Wasitumie. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo iliachisha kazi zaidi ya wafanyakazi kumi na wawili kwa madai ya kuigiza shughuli za kibodi, na kwa waliokuwa wamesajiliwa kwenye soko la dhamana la Marekani sababu hiyo iliandikwa kwenye rekodi ya wazi. Sekta hii hukagua uaminifu kabla ya ujuzi. Alama hiyo inakufuata hadi kwa mwajiri mwingine. Kifaa kinachochomekwa kwenye USB kinaonekana kwenye orodha ya vifaa. Kile cha kuzungusha kipanya kimekaa juu ya meza hakionekani hapo, lakini kipanya kinachosogea saa tatu bila herufi hata moja kuandikwa kinaonekana.

#10 DawatiLaMalipo

Nakubali kuhusu vifaa, ila napingana na vipimo vyenyewe, mkuu. Mchambuzi wa mikopo anayesoma hesabu za mteja kwa dakika 40 bila kugusa kibodi anafanya kazi yake vizuri kuliko anayebonyeza hovyo. Kampuni inayopima kibodi inapata kibodi. Kwa kazi za malipo, pimeni makosa yaliyorudishwa, muda kutoka ombi hadi idhini, na vitu vilivyokaa zaidi ya siku moja kwenye akaunti ya kusubiria (ya fedha ambazo bado hazijajulikana ni za nini).

#11 MkaguziWaNdani

Sina ubishi hapo. Ila vipimo hivyo vinahitaji msimamizi anayesoma. Programu inahesabu yenyewe, ndiyo inayoshinda.

#12 HesabuZilingane

Turudi kwenye kufunga hesabu za mwezi. Folda ya pamoja inayofunguliwa kupitia VPN itakuwa taabu hata ukiwa na megabiti 200. Itifaki ya SMB, inayofungua folda hizo, huulizana na seva mara nyingi sana kwa faili moja, na kila swali linasubiri safari nzima. Safari ikiwa milisekunde 80, maswali mia tano ni sekunde 40 kabla hujaona namba. Ukiwa na jedwali lililounganishwa na mengine sita, zidisha.

Usiburute faili kuja kwako. Peleka macho yako kwenye faili. Ingia kwenye kompyuta ya ofisi kwa mbali, fungua humo, hifadhi humo. Kilichosafiri ni picha tu. VPN ikikatika, kikao kinabaki wazi na jedwali halijaharibika. Anayefungua moja kwa moja na kukatikiwa katikati ya kuhifadhi hupata faili lililofungwa kwa jina lake mwenyewe, au nakala ya pili yenye jina linalofanana, na usuluhisho (ulinganishaji wa hesabu) unaanza kutofautiana bila mtu kujua ni lipi sahihi.

Kwa usuluhisho wa pamoja: mmiliki mmoja kwa kila akaunti, saa maalumu ya kugandisha salio, na tofauti ziandikwe sehemu moja zikiwa na tarehe, kiasi, anayefuatilia. Simu ya dakika 15 saa tatu asubuhi na nyingine saa kumi alasiri inatosha. Mkutano wa video unaoachwa wazi siku nzima unamaliza laini na watu.

#13 MgeniKazini

Samahani wakubwa zangu, mtu anayeanza kazi akiwa mbali moja kwa moja afanye nini ili asipotee?

#14 HedsetiNaKadi

Mdogo wangu, ujuzi wa kazi hizi hupatikana kwa kusikia mwenzako anavyomjibu mteja mgumu. Huko mbali hakuna kusikia bila kupanga. Omba mambo haya kwa maandishi wiki ya kwanza: kusikiliza simu hai za mzoefu saa mbili kila siku kwa wiki mbili, kisha yeye asikilize zako, mtu mmoja mwenye jina wa kuulizwa maswali madogo, na orodha ya mifumo unayopaswa kuwa na ruhusa nayo. Hiyo ya ruhusa ndiyo inayochelewesha wengi. Linganisha na ya mwenzako wa cheo hichohicho, siyo na ya aliyeondoka, kwani aliyeondoka alikuwa amelimbikiza ruhusa ambazo hutakiwi kuwa nazo.

Ukikwama, shirikisha skrini mapema. Swali likiwa limekupita dakika 15, uliza. Na kila Ijumaa mtumie msimamizi mistari mitano: ulichomaliza, kilichokwama, kwa nani. Wakati wa tathmini hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya kazi ambayo hakuna aliyekuona ukiifanya.

#15 ZamuYaJioni

Kuna anayeruhusiwa kwenda kufanyia kazi nchi nyingine mwezi mmoja? Laptopu ni ileile na VPN ni ileile.

#16 MkaguziWaNdani

Si suala la laptopu. Nchi nyingi hutumia siku 183 kama kipimo kimojawapo cha ukaazi wa kodi, lakini mwajiri anaweza kuingia matatani mapema zaidi: viza isiyoruhusu kazi, data za wateja kufunguliwa nje ya mipaka iliyoruhusiwa na mdhibiti, au wewe kusaini mikataba ukiwa huko na kampuni ikahesabika ina ofisi. Bima ya ajali kazini nayo inaweza isikufuate. Omba idhini ya rasilimali watu, kodi na uzingatiaji, zote tatu, kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ruhusa ya msimamizi wako peke yake haitoshi. Na ukienda kimya, anwani ya mtandao itakutaja siku ya kwanza.

#17 Kebo_ya_Bluu

@HesabuZilingane nyongeza moja ya UPS. Kuna zile ndogo za umeme wa moja kwa moja zinazolisha ruta bila kugeuza, zinadumu zaidi kwa betri ileile. Kabla ya kuchomeka, soma lebo ya adapta ya kila kifaa. Kisanduku cha faiba kinaweza kuwa cha volti 12 na ruta ya volti 9, plagi zikiwa za ukubwa mmoja. Ampea za UPS ziwe sawa na za adapta au zaidi, volti ziwe zilezile, na alama ya chanya iwe katikati kwa zote mbili au nje kwa zote mbili. Ukimaliza, zima swichi ya ukutani mchana wa kazi nyepesi uone kama VPN inabaki hewani. Betri za risasi hudumu miaka 3 hadi 5. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha.